Kaiser: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina lenye wenyewe wengi

Andika "Kaiser" kwenye simu yako uone utakavyoletewa: hospitali za California, timu ya Soweto, bendi ya Leeds, mkate, padri aliyeuawa Kenya, na mtawala mwenye masharubu yaliyochongolewa kuelekea juu. Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia jina hili tunamkumbuka kwanza yule mwenye masharubu, na hapo ndipo tunapopotea. Vingi vinavyoitwa Kaiser havimhusu kabisa.

Kaiser ni jina la mtu au ni cheo?

Kwa Wajerumani ni cheo, tena cha juu kuliko mfalme. Mfalme kwao ni König, na wafalme wangeweza kuwa kadhaa chini ya Kaiser mmoja. Dola ya Ujerumani ilipotangazwa mwaka 1871, Bavaria, Saxony na Württemberg kila moja ilibaki na mfalme wake. Yule wa Prussia ndiye aliyebeba vyeo vyote viwili.

Lakini cheo chenyewe kilianza kama jina la ukoo. Gaius Julius Caesar aliuawa Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 KK. Mrithi wake, Octavian, akalichukua jina la Caesar, waliomfuata nao wakalishika, hata wale ambao hawakuwa na damu ya ukoo huo. Wajerumani walilipokea mapema, wakati Warumi bado wanatamka C yao kama K, ndiyo maana likawa Kaiser. Warusi walipata tsar, Waarabu qaysar. Na kama umesoma Biblia ya Kiswahili unamfahamu Kaisari, yule wa sarafu na kodi.

Kwa Kiswahili mtawala wa Ujerumani huitwa Kaizari au Kaisari. Hapa nitamwita Kaizari pale ninapozungumzia mtawala, na Kaiser pale ninapozungumzia jina.

Walikuwa wangapi? Nasoma "Kaiser Wilhelm", "Kaiser Franz", "Kaiser Otto"…

Wengi. Otto wa Kwanza alivishwa taji Roma mwaka 962, na dola ile iliyoitwa Takatifu ya Kirumi ikaendelea hadi 1806. Austria ilikuwa na makaizari wake kuanzia 1804 hadi 1918, na Franz Joseph peke yake alikaa madarakani miaka 68. Ujerumani iliyozaliwa 1871 ilikuwa nao watatu tu: Wilhelm wa Kwanza, mwanawe Friedrich wa Tatu aliyetawala siku 99 akafa kwa saratani ya koo, na Wilhelm wa Pili. Wote watatu walikalia kiti mwaka huohuo wa 1888.

Mwenye masharubu ni Wilhelm wa Pili. Ujerumani iliposhindwa vita alilazimika kuachia ngazi, Novemba 1918, akakimbilia Uholanzi. Aliishi Doorn mpaka alipofariki mwaka 1941. Kwa hiyo vitu vilivyopewa jina la Kaiser kabla ya Juni 1888 haviwezi kuwa vyake, na hata baada ya hapo inabidi uulize: ni Kaizari yupi? Lile kanisa lililobomoka mnara katikati ya Berlin, ambalo kila Mwafrika Mashariki anayefika huko hupiga nalo picha, linaitwa Kaiser-Wilhelm-Gedächtniskirche. Linamkumbuka babu. Mjukuu ndiye aliyeamuru lijengwe. Mabomu ya 1943 yalilivunja, na wenyeji wa jiji wakakataa masalia kubomolewa.

Ni kweli kilele cha Kilimanjaro kiliwahi kuitwa Kaiser?

Ni kweli. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, mwanajiografia wa Leipzig, na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, walifika sehemu ya juu kabisa ya Kibo. Meyer akakiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, yaani kilele cha Kaizari Wilhelm, kwa heshima ya Wilhelm wa Pili aliyekuwa na mwaka mmoja na ushei madarakani. Alichukua na jiwe la huko juu akampelekea. Jiwe hilo likapachikwa katika ukumbi wa kasri la Neues Palais, Potsdam, ambao kuta zake zimejaa makombe ya baharini na mawe ya kila aina.

Vitabu vya zamani huwataja hao wawili tu, kana kwamba mizigo ilipanda yenyewe. Marangu wana masimulizi yao, na jina linalotajwa zaidi ni la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichaga aliyeongoza msafara, ambaye aliishi hadi miaka ya 1990.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na kuwasha mwenge kileleni, na mahali pale, mita 5,895, pakaitwa Uhuru. Sasa angalia upande wa pili, Mawenzi. Sehemu yake ya juu zaidi inaitwa Hans Meyer Peak hadi leo, na jirani yake kuna Purtscheller Peak. Bwana mkubwa aliyetunukiwa kilele amefutwa, watumishi wake wawili wamebaki kwenye ramani. Nadhani ni kwa sababu Mawenzi hapandi mtu, miamba yake ni hatari, na mahali pasipokwenda mtu hapana anayegombea jina lake.

Mbona tunaambiwa Malkia Victoria alimpa Kaizari mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?

Hadithi tamu, waongoza watalii wanaipenda, lakini tarehe zinaikataa. Mpaka unaotenganisha Kenya na Tanzania ya leo ulipangwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Mwaka huo Kaizari alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89. Wilhelm wa Pili, ambaye kweli alikuwa mjukuu wa Victoria kwa binti yake mkubwa, alikuwa bado mwana wa mfalme asiye na mamlaka ya kupewa mlima wala kichuguu.

Kilichotokea ni cha mezani. Mwaka mmoja kabla, Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters (Mjerumani aliyezunguka Afrika Mashariki akitafuta koloni), alikuwa amesaini mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Wajerumani wakautumia kudai eneo lote la mlima. Waingereza walitaka Mombasa. Ndipo mstari ukachorwa kutoka mdomo wa mto Umba, ukapinda kaskazini ya Kilimanjaro, kisha ukanyooka tena hadi Ziwa Viktoria. Ile pindo unayoiona kwenye ramani pale Taveta ndiyo iliyozaa hadithi ya zawadi. Watu walitaka sababu ya kibinadamu kwa jambo lililokuwa biashara.

Dar es Salaam je, ilikuwa na chochote cha jina hilo?

Ilikuwa na hoteli ya Kaiserhof. Ndiyo iliyokuja kuitwa New Africa, ile ya pale Azikiwe. Hilo halikuwa jina la kipekee: Berlin ilikuwa na Kaiserhof tangu 1875, na miji kibao ya Ujerumani ikaiga, kama vile kwetu kila mji ulivyo na gesti iitwayo Kilimanjaro.

Jina lenyewe lilisikika zaidi shuleni. Tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa Wilhelm wa Pili, ilikuwa sikukuu ya serikali, na watoto wa shule za Wajerumani waliimbishwa na kupangwa mistari kumshangilia mtu ambaye hakuwahi kukanyaga koloni hili hata siku moja.

Majina mengine ya Kaizari duniani yaliishia wapi?

Mengi yalibadilishwa, na kila nchi kwa wakati wake. Barabara kuu ya Windhoek ilikuwa Kaiserstraße mpaka Namibia ilipojitawala mwaka 1990. Sasa ni Independence Avenue. Kaiser-Wilhelmsland ni sehemu ya kaskazini-mashariki ya nchi ya leo ya Papua New Guinea; Waaustralia waliichukua 1914 na jina likafa. Mfereji unaokata Ujerumani kutoka Bahari ya Kaskazini hadi Baltiki ulifunguliwa 1895 kwa jina la Kaiser Wilhelm, siku hizi mabaharia wanauita wa Kiel. Taasisi za utafiti za Kaiser Wilhelm, zilizoanzishwa 1911, zilipewa jina jipya la Max Planck mwaka 1948, na Watanzania na Wakenya wanaosomea uzamivu huko wanalijua vizuri.

Angalizo dogo: mlima mrefu kuliko yote Papua New Guinea unaitwa Mount Wilhelm, na wengi hudhani ni wa Kaizari. Huyo ni Wilhelm mwingine, mtoto wa Bismarck.

Padri Kaiser wa Kenya alikuwa nani? Alikuwa Mjerumani?

Hapana. John Anthony Kaiser alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Minnesota mwaka 1932, padri wa shirika la Mill Hill. Kaiser lilikuwa jina la ukoo wake tu. Alifika Kenya mwaka 1964 na akafanya kazi Kisii kwa miaka mingi, kisha akahamia upande wa Wamaasai, mwisho akiwa Lolgorien, Trans Mara. Mtu mkubwa wa mwili, aliyewahi kuwa mwanajeshi.

Jina lake lilianza kusikika nje ya parokia kwa sababu ya Maela. Ilikuwa kambi ya watu waliofukuzwa kwenye mashamba yao katika ghasia za kikabila za miaka ya 1990, na serikali ilipoivunja yeye alikuwepo, akakataa kuondoka, akatolewa kwa nguvu. Tume ya Akiwumi ilipokuja kuchunguza ghasia hizo alikwenda kutoa ushahidi, akataja majina ya wakubwa hadharani wakati ambapo wengi walisema kwa minong'ono. Serikali ikajaribu kumfukuza nchini mwaka 1999, ikashindikana. Mwaka uliofuata Chama cha Wanasheria cha Kenya kilimtunuku kwa kutetea haki za binadamu.

Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara pale Morendat, karibu na Naivasha, kwa risasi ya bunduki iliyompiga kichwani. Wapelelezi wa FBI walioletwa kutoka Marekani walisema alijiua. Maaskofu wa Kenya hawakukubali, waumini wake hawakukubali, na mwaka 2007 mahakama iliyofanya uchunguzi wa kifo chake ikaamua kwamba aliuawa, bila kuweza kusema ni nani aliyefanya hivyo. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Nikisikia mtu wa Naivasha au Kisii anasema "Kaiser", najua hazungumzii Ujerumani.

Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini imepewa jina la Kaizari?

Imepewa jina la mwanzilishi wake, Kaizer Motaung, aliyezaliwa Soweto mwaka 1944. Kaizer ndilo jina lake mwenyewe, siyo la utani. Halikuwa jina la ajabu kule. Kaiser Daliwonga Matanzima, aliyekuja kuongoza Transkei, eneo la watu weusi lililotengwa na serikali ya ubaguzi, alizaliwa mwaka 1915, wakati Uingereza iliyotawala nchi yao iko vitani na Kaizari mwenyewe.

Na hiyo "Chiefs" ilitoka Marekani. Motaung, mshambuliaji wa Orlando Pirates, alikwenda kuchezea Atlanta Chiefs mwaka 1968 na akang'ara tangu msimu wa kwanza. Aliporudi nyumbani akaanzisha timu yake Januari 1970, akaunganisha jina lake na la klabu ya Atlanta. Hata nembo ile ya kichwa cha Mhindi Mwekundu ilikuja nayo. Mashabiki wanaiita Amakhosi, yaani machifu kwa Kizulu, na uhasama wao na Pirates, timu aliyotoka mwanzilishi, unajulikana bara zima.

Watanzania hawahitaji kuelezwa sana. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2021: Simba walikwenda Johannesburg tarehe 15 Mei wakapigwa 4-0. Wiki moja baadaye, Uwanja wa Mkapa, John Bocco akafunga mawili na Clatous Chama moja. 3-0. Limebaki bao moja tu mechi iende kwenye penalti, na dakika zikaisha. Chiefs walifika fainali, Al Ahly wakawatandika 3-0 kule Casablanca. Watani wa jadi nao hawatakubali niishie hapo: Julai 2024 Yanga waliwafuata Chiefs Bloemfontein kwenye Kombe la Toyota na kuwafunga 4-0. Ilikuwa mechi ya kujiandaa na msimu, Wanasimba watakukumbusha.

Na Kaiser Chiefs?

Hiyo ni bendi ya muziki wa roki ya Leeds, Uingereza. Tazama herufi: ya mpira ina z, ya muziki ina s. Vijana hao ni mashabiki wa Leeds United, na nahodha waliyempenda, Lucas Radebe, alitoka Kaizer Chiefs mwaka 1994. Wakachukua jina la klabu yake ya zamani. Kwa hiyo jina lilitoka Roma, likapita Ujerumani, likafika Soweto, likapokea nusu yake kutoka Atlanta, kisha likaenda kupigia magitaa Yorkshire.

Huwa nasahihisha tangazo la redio hapa na pale wanapochanganya mambo haya. Si dhambi kubwa.

Kwa nini Beckenbauer aliitwa Kaiser?

Franz Beckenbauer wa Bayern München, nahodha wa Ujerumani Magharibi iliyochukua Kombe la Dunia 1974 na kocha wa iliyochukua 1990, alifariki Januari 2024 bado akiitwa hivyo. Maelezo hayaafikiani. Mwenyewe alisimulia kwamba timu ilipokuwa Vienna alipigwa picha kando ya sanamu ya Kaizari Franz Joseph, na kwa kuwa naye ni Franz, magazeti yakamvika taji. Wengine wanairudisha kwenye fainali ya kombe la Ujerumani ya 1969 dhidi ya Schalke, ambao mchezaji wao Libuda aliitwa mfalme wa Westphalia. Ukimshinda mfalme, unakuwa nani? Mimi nakubaliana na macho. Ukimtazama alivyokuwa akitoka na mpira nyuma, kichwa juu, bila haraka, bila jasho, huhitaji sanamu.

Kaiserslautern ni nini?

Mji, upande wa kusini-magharibi mwa Ujerumani. Lauter ni mto wake, na Kaizari wa jina ni Friedrich Barbarossa, aliyejenga kasri hapo karne ya 12. Timu ya mji ina rekodi ambayo hakuna mwingine anayo huko: mwaka 1997 ilipanda daraja, na 1998 ikawa bingwa wa Bundesliga moja kwa moja, chini ya Otto Rehhagel. Wanajeshi wa Marekani wamejaa eneo hilo na wao husema K-Town tu.

Ndugu yangu wa California anasema "naenda Kaiser" akiumwa. Anaenda wapi?

Kaiser Permanente. Ni bima na hospitali kwa pamoja: unalipa mchango, unatibiwa kwenye hospitali zao, na madaktari wao. Fikiria mfuko wa bima ya afya unaomiliki wodi zake wenyewe, maabara zake na duka lake la dawa.

Jina ni la Henry J. Kaiser, mkandarasi aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1882, wazazi wake wahamiaji kutoka Ujerumani. Alianza na barabara, akaingia kwenye mabwawa, likiwemo lile la Hoover. Mwaka 1933 daktari kijana, Sidney Garfield, alikuwa na hospitali ndogo jangwani Mojave akiwatibu vibarua waliochimba mfereji wa kupeleka maji Los Angeles. Alikuwa akifilisika, mpaka ukaja utaratibu wa kukata senti 5 kwa siku kwa kila kibarua, mgonjwa au mzima. Kaiser akamchukua Garfield pamoja na mpango wake, kwanza kwenye bwawa la Grand Coulee, kisha kwenye viwanda vyake vya meli huko Richmond. Viwanda hivyo vilikuwa na kasi ya kutisha: Novemba 1942 meli ya mizigo ya Robert E. Peary iliteremshwa majini kabla siku 5 hazijatimia tangu waanze kuiunga. Vita vilipokwisha na wafanyakazi kutawanyika, mwaka 1945 mpango ukafunguliwa kwa wananchi wote. Permanente ni kijito karibu na kiwanda chake cha saruji.

Mtu huyu alifika na Afrika. Kiwanda cha kuyeyusha alumini cha Tema, Ghana, ambacho ndicho kilichokuwa mnunuzi mkubwa wa umeme wa bwawa la Akosombo, kilimilikiwa na Kaiser Aluminum kwa asilimia 90. Nkrumah aliutaka umeme ule sana, na bila mnunuzi wa uhakika fedha za bwawa zisingepatikana. Kaiser akaupata kwa bei chee, na madini ya kuyeyusha akayaleta kutoka nje badala ya kuchimba bauksiti ya Ghana. Waghana wamelalamikia mkataba huo miaka mingi, na kwa maoni yangu wana haki.

Ukikutana na takwimu za afya za KFF, hiyo ni taasisi iliyotokana na wakfu wa familia yake. Haimo ndani ya Kaiser Permanente.

Kuna vyakula pia?

Tena ndivyo vinavyonivutia kuliko mabwawa.

Mkate wa Kaiser, Kaisersemmel kwa Kiaustria, ni ule wa duara mdogo wenye mikunjo mitano juu kama ua. Siku hizi mashine hugonga muhuri tu juu ya donge. Mwokaji wa mkono hulibonyeza donge liwe bapa, huweka dole gumba katikati, hukunja ukingo juu ya dole hilo, hugandamiza kwa upande wa kiganja, huzungusha kidogo, hukunja tena. Mara ya tano anachomoa dole na kuziba shimo kwa ncha iliyobaki. Ukiumega uliofanywa hivi, unaachana vipande vitano vyenyewe.

Kaiserschmarrn ni kitamu zaidi. Unga, maziwa, viini vya mayai na sukari kidogo. Ute wake unapigwa mpaka usimame kama povu, ndipo unachanganywa taratibu. Unamwagwa kwenye kikaango chenye siagi, mzito, zabibu kavu juu. Ukishika rangi chini unageuzwa, kisha unararuliwa kwa uma mbili ukiwa bado motoni, ili kila kipande kipate kuguswa na siagi. Sukari ya unga juu, na plamu zilizopikwa pembeni. Wanasema ni wa Kaizari Franz Joseph. Visa vya jinsi alivyoupata ni vingi mno hata haviwezi vyote kuwa kweli, na hakuna mpishi wa Vienna anayejali.

Mtu akiitwa Kaiser kwa ukoo, ni wa damu ya kifalme?

Ni nadra sana. Wajerumani wana akina Kaiser, König (mfalme), Herzog (mtawala mdogo) na Bischof (askofu), na babu zao walikuwa wakulima na mafundi. Mmoja alijigamba sana kijijini, mwingine aliigiza Kaizari kwenye maigizo ya sikukuu, mwingine nyumba yake ilikuwa na kibao chenye picha ya taji. Roland Kaiser, mwimbaji anayejaza viwanja Ujerumani, alizaliwa Ronald Keiler, akajipa taji mwenyewe.

Kuzaa kwa upasuaji kunaitwa Kaiserschnitt. Julius Caesar alizaliwa hivyo?

Haiwezekani kirahisi. Enzi hizo mama alipasuliwa akiwa amekufa au anakufa, na mama yake Caesar, Aurelia, aliishi mpaka mwanawe akawa mtu mzima. Jina hili huhusishwa pia na neno la Kilatini la kukata.

Kaisar-i-Hind ni jambo hilohilo?

Ni binamu yake wa mashariki. Waingereza walipomtangaza Victoria mtawala mkuu wa India tarehe 1 Januari 1877, walitafuta cheo ambacho Wahindi wangekielewa, wakachukua qaysar kwa njia ya Kiajemi. Baadaye kukawa na nishani ya jina hilo. Gandhi alitunukiwa mwaka 1915, akairudisha 1920. Kuna na kipepeo wa kijani wa Himalaya anayeitwa hivyo.

Ninaandika tasnifu, SPSS (programu ya takwimu) inaniletea "Kaiser-Meyer-Olkin". Huyo naye ni yupi?

Henry Felix Kaiser, mtaalamu wa takwimu za saikolojia aliyefundisha Berkeley. Si Henry J. wa meli na hospitali, ingawa wote ni wa California. Na Meyer hapo si yule wa Kilimanjaro.

Kipimo cha KMO kinakwambia kama maswali ya dodoso lako yanahusiana vya kutosha kufanyiwa uchambuzi wa vipengele (factor analysis). Jibu huwa kati ya 0 na 1. Kaiser mwenyewe, mwaka 1974, aliyapanga matokeo kwa maneno ya kuchekesha kidogo: 0.9 na kuendelea ni ya ajabu, 0.8 yanastahili sifa, 0.7 ya wastani, 0.6 hafifu, 0.5 ya kusikitisha, chini ya hapo hayakubaliki. Wasimamizi wengi huridhika na 0.6. Kile kigezo kingine, cha kubakiza vipengele vyenye thamani (eigenvalue) inayozidi 1, ni chake pia, na kinalaumiwa kwa kubakiza vingi kupita kiasi, basi tazama na mchoro wa mteremko (scree plot) kabla hujaamua. Ukiandika, ni Kaiser kwa s.